Dana na Danadana

Watu wa mji wangu wanapenda mihadhara kuliko wanavyoipenda dini yenyewe. Nalisema hili bila kuomba radhi. Ikitangazwa kwamba Jumamosi alasiri maustadhi na wainjilisti watakutana uwanjani Isevya kubishana, watu wataacha nguo kwenye beseni na maharage jikoni. Turubai litafungwa, viti vya plastiki vitapangwa, spika zitaelekezwa kwenye madirisha ya watu, na kwa saa tatu nzima tutasikilizishwa nani kakipotosha kitabu cha nani. Magharibi ikiingia kila mtu anarudi kwake na imani ile ile aliyotoka nayo, ila koo limemkauka. Na mgonjwa wa nyumba ya tatu hakuna aliyemjulia hali.

Mimi ni fundi cherehani, mjane, huu mwaka wangu wa sitini na mbili, na mimi ni Mbudha. Najua sentensi hiyo inavyopokelewa Tabora. Yupo aliyeniuliza kama Wabudha ni kabila la huko Usinge, maana misitu ile imeficha watu wengi. Yupo aliyetaka kujua kama naruhusiwa kula ugali. Shemeji yangu mmoja aliuliza kwa upole kama kuna dawa yake.

Haikuanza kwa ndoto wala maono. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli, tukahamishiwa Dar es Salaam, na nyumba tuliyopanga ilikuwa karibu na hekalu dogo la watawa kutoka Sri Lanka. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwashonea majoho. Nikaenda na cherehani yangu kichwani. Wakaniletea kitambaa kizima, kipya, kizuri, wakaniambia nikikate vipande vipande, halafu nivishone tena viwe kitambaa kimoja. Nilidhani jua limewapata. Mtawa mzee, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga kama hayo majoho, alinieleza kwamba nguo ikishakatwa hivyo haina bei sokoni. Mwizi haitaki, na mwenyewe hawezi kujivuna nayo. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njia nzima.

Baada ya mwaka nilikuwa sicheki. Hakuna aliyenibembeleza wala kunipa kilo ya unga. Niliendelea tu kushona pale, nikajifunza kukaa kimya alfajiri na kuutazama moyo wangu unavyochemka. Nao unachemka, Mungu wa wenzangu ni shahidi. Nilifunzwa mambo matano ya kujizuia nayo. Manne nayamudu. Hili la ulimi ndilo limenishinda, kama mnavyoona wenyewe.

Mume wangu alipofariki nikarudi Isevya, kwenye nyumba aliyoniachia, na nikatafuta kitu cha kutoa. Kwetu kutoa ndiyo hatua ya kwanza, kabla hata ya kukaa kimya. Mkono uliokunjwa hauwezi kushika kitu kingine. Nilichokuwa nacho ni kitambaa na mkasi. Basi kila nilipopata kazi kubwa, sare za shule au nguo za harusi, nilikuwa nikipitia duka la Mhindu mmoja mjini na kununua bafta nyeupe, nikaiweka kwenye sanduku la mume wangu. Aliyefiwa na hana sanda, alikuwa anakuja kwangu. Waislamu nawakatia vipande vyao kama nilivyofundishwa na mama mmoja mwosha maiti, vitatu vya mwanamume, vitano vya mwanamke. Wakristo nawashonea kanzu ndefu yenye kola. Sikuuliza mtu anasali wapi, nao mwanzoni hawakuniuliza. Yule mwenye duka aliponiuliza bafta yote hiyo ni ya nini, nikamweleza, akatikisa kichwa na kusema hata kwao neno hilo lipo, dan, kutoa. Akawa ananiongezea mkono mmoja wa kitambaa kila nikinunua.

Mtu wa kwanza kuagiza ya kwake akiwa hai alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja. Alikuwa mama mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaa, mjane kama mimi, amenizidi miaka kumi na mbili, Mwislamu asiyekosa sala hata moja. Alikaanga vitumbua barazani kwake tangu siku niliyohamia. Aliniita "mpagani wangu" mbele ya kila mtu, na nilikuwa nampenda. Mumewe alipofariki, kabla sijarudi Tabora, nyumbani hapakuwa na kitu. Mkebe ukazungushwa msikitini, na mtu mmoja mwenye kiherehere akawa anatangaza kwenye spika fulani katoa kadhaa, fulani kaongeza kadhaa. Jirani yangu alikuwa amekaa ndani na eda yake anasikiliza mumewe anavyovishwa shilingi kwa shilingi. Aliniambia aibu ile haijamtoka mwilini.

"Mimi nisichangiwe," alisema. "Nikatie yangu sasa hivi, niione kwa macho yangu. Na usinipunje urefu."

Nikampima amesimama uani, akiwa na mwiko wa vitumbua mkononi, tunacheka mpaka mbavu zinauma. Nikakata vipande vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio, na shuka mbili kubwa za kumzungushia, nikaziongeza shubiri moja kila upande kwa ajili ya ule urefu wake. Nikaikunja pamoja na karafuu, nikaifunga kwa utepe wa kijani, nikaiweka chini kabisa ndani ya sanduku. Kila baada ya mwezi au miwili alikuwa anagonga ukuta na kuuliza, "Yangu ipo?" Najibu ipo. "Panya?" Hakuna panya. Basi anarudi kwenye kikaango chake ameridhika, kama mtu aliyehakikisha mlango umefungwa.

Alikuwa hana mtoto wa kumzaa. Alimlea mtoto wa mdogo wake, akamsomesha kwa vitumbua, akawa ustadhi. Kijana mwerevu, nadhifu, mwenye sauti. Utotoni alikuwa anakuja kwangu kutafuta vipande vya vitambaa, na akiniona alikuwa ananiamkia kutoka mbali. Huyo ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa mihadhara uwanjani kwetu. Mpinzani wake wa kila wiki alikuwa mwinjilisti mmoja mwenye suti ya kahawia. Wale wawili hawakuwahi kukubaliana hata juu ya saa ngapi imefika. Jumamosi moja wakakubaliana, na walichokubaliana ni mimi.

Mada ilikuwa kama sadaka ya asiyemjua Mungu inapokelewa. Nilikuwa nyumbani nashona, spika zikaniletea dirishani kwamba hata hapa Isevya yupo mama mwenye sanamu juu ya meza, anawavisha maiti za waumini. Sanamu ninayo, kweli. Urefu wake hauzidi kikombe cha chai, inakaa kando ya rili za nyuzi na inanikumbusha nisikae kibiongo. Mtawa angeniambia nivute pumzi, niendelee kushona. Mimi nikavaa kandambili nikaenda, na futi ya kupimia shingoni.

Walifurahi kuniona. Wakanipa kipaza sauti haraka, kama watu waliokuwa wameniandalia kiti. Mwinjilisti akaniuliza kama huyo Budha ndiye mungu wangu. Nikasema hapana, alikuwa mtu. Akauliza basi nani atanilipa kwa hizo sanda. Nikasema hakuna atakayenilipa, na wala sidai. Watu wakaguna. Ndipo ustadhi, kwa ile sauti yake nzuri, akauliza swali ambalo lilionekana dogo.

"Sasa mama, unachokitoa si zaka, si sadaka, si fungu la kumi. Kinaitwaje?"

"Kwetu kinaitwa dana," nikajibu.

Halafu mtu wa nyuma akasema, taratibu tu, "Danadana," na uwanja mzima ukalipuka. Watu walishikana mabega. Wapo waliosimama wakajifanya wanarusha mpira kwa goti na kisigino. Mwinjilisti alijifuta machozi kwa tai. Mimi nimesimama pale na kipaza sauti, nimeleta neno la watu walioishi zamani kuliko misikiti na makanisa yote ya mji huu, na limegeuka mchezo wa mpira, au ule mchezo wa maofisini wa njoo kesho, nenda dirisha lile, bosi hajafika.

"Amesema mwenyewe," ustadhi akasema kicheko kilipopungua. "Anampiga Mungu danadana. Ndugu zangu, kutoa bila kumjua Mungu hakuna jina lingine ila hongo. Huyu mama anatuhonga. Anazinunua maiti zetu kwa bafta."

Danadana ningeisamehe. Hongo sikuisamehe. Babu yangu mzaa mama alizaliwa pembeni mwa ile njia ya zamani ya misafara, na alitusimulia alivyosimuliwa na baba yake. Msafara ukitoka pwani kuja Unyanyembe, au ukitoka huku kwenda Ujiji, kila nchi ya mtemi ilikuwa na hongo yake, yaani ushuru wa kupita, na hongo ililipwa kwa nguo. Vitambaa vya marekani na kaniki vilipimwa mkono kwa mkono mbele ya watu. Mpaka nguo ipimwe na mtemi aridhike, hakuna kusogea. Wapo waliokuwa wagonjwa na walifia kambini, wakingoja watu wazima wenye afya wamalize kupimiana vitambaa. Babu alikuwa akifika hapo anatema mate pembeni. Siku hizi neno limehamia maofisini, lakini mimi nikilisikia naona nguo inapimwa na mtu anakufa. Na sasa nimeitwa hivyo mbele ya mtaa mzima, na mtoto niliyempa vitambaa vya kutengenezea mpira.

Nikiwa njiani kurudi, nimefika kwenye bomba, jibu likaja. Tenda wema nenda zako. Hiyo ndiyo dana, wala haina haja ya neno la kigeni. Bibi zetu walikuwa wanaisema kila siku. Kama ningeisema pale uwanjani nani angecheka? Nilikaa juu ya ndoo ya mtu nikalia kwa hasira.

Klipu ilizunguka kwenye simu kabla sijafika nyumbani. Kesho yake kijiwe cha bodaboda kiliniamkia kwa jina jipya, Mama Danadana. Wiki hiyo familia moja ya Kikristo, niliyokuwa nimewashonea kanzu ya babu yao anayeumwa, ikairudisha imekunjwa vizuri, wakasema wamepata nyingine. Mama mmoja Mwislamu aliyefiwa na mtoto alipita mbele ya mlango wangu akiwa amekaza macho barabarani. Hawakuwa wabaya wote, wengine waliona aibu, lakini aibu yao haikunisaidia chochote. Sanduku lilijaa, bafta ikaanza kunuka karafuu za zamani. Ustadhi akaacha kuniamkia. Tukikutana njiani alikuwa anakumbuka ghafla kitu kilichomo mfukoni mwake.

Mimi nami niliacha kukaa kimya alfajiri. Nilikuwa nakaa, ndiyo, mgongo umenyooka mbele ya ile sanamu, lakini kichwani nilikuwa uwanjani, nina kipaza sauti, nawajibu mmoja mmoja. Nilishinda mihadhara mingi sana kwenye mkeka wangu. Niliwaorodhesha waliocheka. Nilijua nani alirusha mpira kwa goti.

Jirani yangu alikuja siku ya pili na sahani ya vitumbua, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alisema amemgombeza mwanawe, na kwamba mdomo wa kijana ni kama kifuniko cha sufuria, kikipata moto kinapiga kelele bila kujua ndani kunapikwa nini. Nikashona tu. Akala kitumbua kimoja cha kwake mwenyewe. Halafu akauliza kama kawaida, "Yangu ipo?"

"Mwambie mwanao akukatie," nikasema.

Alipanguza mafuta vidoleni kwa pembe ya khanga, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Mimi sijaahidiwa na mwanangu," alisema. "Nimeahidiwa na wewe."

Nikasema ipo. Akauliza panya. Nikasema hakuna panya. Akaondoka, na nikaona aibu kwa muda wa kushona pindo moja, kisha hasira ikarudi mahali pake.

Ikapita miezi minane. Jumapili moja asubuhi, jua ndiyo kwanza linapanda, nikasikia kilio upande wa pili wa ukuta. Jirani yangu alikuwa amemaliza sala ya alfajiri, akajinyoosha juu ya msala apumzike, na hakuamka tena. Nilikimbia na khanga moja. Niliruhusiwa kuingia, nikamshika mguu, ule mguu mrefu, nikalia kama nilivyomlilia mume wangu. Nilipotoka nikakutana na ustadhi mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliyapitisha juu ya kichwa changu, akaongea na mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Ningeweza kuvuka ua, nikafungua sanduku, nikaileta ile sanda. Hatua thelathini. Badala yake nilikwenda nyumbani, nikatoa ufunguo kwenye kopo la vifungo, nikakaa kitini nao mkononi. Nikajiambia aliyeniita mhonga maiti atakuja mwenyewe kwa miguu yake kuniomba. Bila hivyo haitoki.

Ukuta wetu ni wa matofali ya kuchoma, hauzuii sauti, kwa hiyo niliisikia asubuhi yote. Walimtuma mtu mjini kununua bafta. Maduka yamefungwa, ni Jumapili. Akaenda kumgongea yule Mhindu nyumbani. Kasafiri, yuko Nzega kwenye harusi. Wakakumbuka msikiti una sanda za akiba kabatini. Mwenye ufunguo wa kabati kaenda Igunga kuona ng'ombe wake. Akapigiwa simu, akasema ufunguo alimwachia fulani. Fulani akasema alimrudishia. Ustadhi alikuwa anatumwa huku, anarudi, anatumwa kule. Nami nilikaa kitini nikisikiliza, na nilifurahi. Nasema nilifurahi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilijisemea, sasa na wewe umeijua danadana inavyopigwa.

Kama saa nne hivi spika ya msikiti ikakohoa. Tangazo lilimtaja jirani yangu kwa jina lake kamili, likasema marehemu hana sanda, wenye uwezo wajitokeze, mkebe uko mlangoni. Halafu yule yule wa kiherehere, au mrithi wake, akaanza. Fulani katoa kadhaa. Fulani kaongeza kadhaa.

Nilisikia kila jina. Nilijua hili ndilo jambo moja tu ambalo yule mama aliomba lisimpate, na kwamba dawa yake ilikuwa ndani ya sanduku langu, imefungwa kwa utepe wa kijani. Nikaubana ufunguo mpaka ukaniachia alama kiganjani, na sikuinuka. Nilimlaumu ustadhi. Nilisema ndani ya moyo wangu, tazama unavyomdhalilisha mama yako.

Alikuja karibu na saa sita. Nyuma yake uani walisimama wanaume sita au saba, baadhi nilikuwa nao kwenye orodha yangu. Kanzu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini na sauti ile nzuri haikuwepo.

"Shikamoo, mama."

Sikuitikia. Nilimwacha amesimama nayo.

"Mama mkubwa alikuwa akisema sanda yake iko kwako," akasema. "Nimekuja kuiomba."

"Kwangu hakuna sanda," nikamwambia. "Kuna dana, au kuna hongo. Chagua mwenyewe unachukua ipi."

Alitazama chini. Nilihesabu pumzi zangu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, na zilikuwa tamu. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na tumbo lake, kwamba anaomba dana.

"Wenzako hawajasikia," nikasema.

Akageuka nusu, akalisema kwa sauti. Naomba dana. Lilimkatikia katikati, akalirudia. Hakuna aliyecheka. Wale wanaume wa orodha yangu walikuwa wanatazama kandambili zao, na mmoja alikuwa analia. Mimi nikanyoosha mgongo kama ninavyofundishwa na ile sanamu.

"Marahaba," nikamjibu.

Nikafungua sanduku, nikaitoa, nikaipeleka mwenyewe, maana wanawake ndio wanaomshughulikia mwanamke mwenzao. Nilivuka ua nikiwa nimeibeba mbele yangu kwa mikono miwili, watu wakinipisha. Sijawahi kutembea vile, hata siku ya harusi yangu.

Chumbani palikuwa na akina mama watatu. Mwosha maiti alikuwa yule yule aliyenifundisha kukata, sasa mzee, amekaa sakafuni ameegemea ukuta, mikono imelala mapajani. Kafuri ilikuwa imekwisha sagwa kwenye kisosi. Jirani yangu alikuwa amelazwa mkekani amefunikwa khanga zake mbili, ya kichwani na ya miguuni, kwa sababu moja haikumtosha. Nywele zake bado zilikuwa na unyevu.

"Ulikuwa wapi?" mwosha maiti akaniuliza.

Nikaanza kufungua ule utepe wa kijani.

"Tumemaliza kumwosha tangu saa tatu," akasema. Hakuwa anagomba, alikuwa amechoka tu. "Mwaka jana alinishika mkono akaniambia, siku yangu ikifika msihangaike wala msimwombe mtu. Yangu ipo hapo ng'ambo ya ukuta, italetwa. Mimi nikawaambia hawa tuanze, tusicheleweshe, italetwa sasa hivi. Basi tumekaa naye."

Saa tatu nilikuwa kitini na ufunguo mkononi.

Tukaitandika. Nilisaidia kuinua miguu. Ile shubiri niliyoongeza ilitosha, ikabaki kipande cha kufungia upande wa kichwa na upande wa miguu, kama alivyotaka. Karafuu zikadondoka kwenye mikunjo, mwosha maiti akaziokota moja moja akaziweka pembeni. Mwanawe akaja na wenzake na jeneza, wakamchukua, wakaenda kumswalia baada ya adhuhuri.

Jioni ile, kwenye mkeka wa msiba, ustadhi alisimama akasema mbele ya watu kwamba alinikosea, na kwamba mama yake mkubwa kazikwa kwa wema wa jirani. Mwinjilisti wa suti ya kahawia alikuwepo, naye akaitikia amina. Siku hizi watu wamerudi kuchukua sanda. Bodaboda bado wananiita Mama Danadana, ila sasa wanavua kofia. Kila asubuhi ustadhi ananiamkia kutoka mbali kama alivyokuwa akifanya utotoni, namwitikia, na hatuongei zaidi. Watu wa mtaa wanasema siku ile mama Mbudha aliwashinda wote bila mhadhara.

Sijamwambia mtu kilichotokea kuanzia saa tatu mpaka saa sita. Mwosha maiti anakijua na amenyamaza. Maiti alikuwa safarini, ameoshwa, yuko tayari, na mimi nilikaa njiani na kitambaa changu nikamzuia asipite mpaka niridhike. Babu yangu angetema mate.

Ustadhi aliniita jina langu sawasawa. Kosa lake ni kwamba aliniita miezi minane kabla sijalistahili.